Unaporudi kwa Mwalimu Tunu

Visiga, jioni ya kuamkia safari yako

Siku mwanangu,

Umeenda Mkuza kusukwa, na mimi mama yako ni msusi. Nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe cha wateja, mlango nimeurudishia nusu, nakuandikia. Dada mmoja anayefanya kazi kwenye viwanda vya Kwala alichungulia kuuliza nafasi, nikamwambia leo sisuki. Akasema, "Mama Siku, mkono unauma?" Nikaitikia ndiyo. Ningemwambiaje kwamba mwanangu hataki nimguse kichwa?

Sikulaumu. Tangu ukiwa na miaka kumi na minne hujaniachia nywele zako, na sababu tunaijua wote wawili ingawa hatujawahi kuitamka. Humu nitaitamka. Kwa mdomo siwezi, maana nikianza tu unasema, "Mama, yaishe," na mimi nikiambiwa yaishe napandisha sauti, mwisho tunanuniana mpaka kesho. Karatasi hainikatizi.

Habari za chandarua, ndoo na maji ya kuchemsha sitakuandikia. Umeshakaa kule, mbu wa Kisarawe unawajua kuliko mimi. Nataka kusema habari za Mwalimu Tunu.

Kesho unarudi kwenye shule ileile, darasa la tatu lilelile, kwa mwalimu yuleyule. Chuo kimekupa nafasi ya pili ya mazoezi ya kufundisha na kimekwambia wazi kwamba ya tatu haipo. Ukiondoka tena kabla ya muda, au Mwalimu Tunu akiandika kwamba hukufaa, basi ualimu wako umeishia hapo. Ndiyo maana wiki hii chakula hakikupiti. Unafikiri sioni? Naona sahani.

Mambo ya mwaka jana ulinisimulia mara moja tu, ukiwa umeangalia ukuta. Acha niyaseme nilivyoyaelewa mimi, kama nimekosea utanisahihisha.

Ulifika kule na sketi mpya na andalio la somo ulilolinakili upya ili liwe safi. Mwalimu Tunu akakupokea mlangoni mwa darasa, akakupa boksi la chaki, akasema, "Haya, ndio hao. Wasikuue." Akaenda zake ofisini kunywa chai. Ukadhani atarudi. Hakurudi siku hiyo wala wiki hiyo. Ulisema si yeye tu, walimu wengi wanafanya hivyo. Mwanachuo akija, mwenye darasa anapumzika. Kwao mwanachuo ni likizo. Na wewe ulikuwa hujawahi kusimama hata mbele ya watoto wa madrasa, leo umeachiwa darasa limejaa mpaka wengine wamekaa sakafuni, wanakuangalia kama wanaangalia mbuzi aliyeingia msikitini.

Halafu ikaja siku ya msimamizi wa chuo kukukagua. Siku hiyo ndiyo Mwalimu Tunu naye akaingia, akakaa nyuma, miguu ameikunja. Ulikuwa unafundisha hesabu za sehemu. Ulichora chungwa ubaoni, ukaligawa vipande vinne, ukapaka kimoja rangi, pembeni ukaandika moja ya tatu. Ulikuwa na haraka, basi. Ungeachwa kidogo ungejiona mwenyewe na ungefuta. Hukuachwa. Mwalimu Tunu alinyanyuka huko nyuma, akaja mbele, akakutoa chaki mkononi, akafuta ubao wote, hata tarehe. Akawageukia watoto.

"Haya, kaeni vizuri. Sasa mwalimu amekuja."

Watoto wakapiga makofi.

Kuanzia saa ile Madamu Sikudhani hakuwepo tena. Kulikuwa na Madamu Majaribio. Walikuita hivyo bombani, walikuita hivyo nje ya dirisha la chumba chako. Kitoto kimoja kikaja na adabu zake zote, mikono nyuma, kikakuuliza, "Madamu Majaribio, leo mwalimu yupo au ni wewe tu?" Hilo la "ni wewe tu" ulilirudia mara mbili uliponisimulia. Asubuhi yake ukafunga begi.

Sasa la kwangu.

Ulishuka hapa saluni mchana kweupe, wateja wamejaa. Salamu yako sikuiitikia. Nilikuuliza kichana kikiwa mkononi, "Umefukuzwa au umekimbia?" Ukasema umekimbia. Nikasema, "Watoto wa darasa la tatu? Wanaojikojolea? Hao ndio wamekushinda?" Wateja wakacheka. Nami nilipoona wanacheka, nikanogewa. Nikasema, "Basi shika ufagio, hapo chini pana nywele." Ukaweka begi, ukafagia. Hukulia. Ulifagia mpaka chini ya viti vya wale waliokucheka, wakawa wanainua miguu upite.

Ndani, watu walipoondoka, ndipo ukanijibu. "Mama, wewe darasa uliliacha kwa tumbo. Usinifundishe habari za darasa." Ilinichoma. Lakini ulisema kweli. Kidato cha pili ndiko nilikoishia, na ndiyo maana mwandiko wangu unauona ulivyo. Tumbo lenyewe lilikuwa wewe, na sijawahi kulijutia hata siku niliyolala nje kwa ajili yake.

Nikwambie jinsi nilivyoupata ukatili ule, maana sikuzaliwa nao. Nilifundishwa, tena kwa bidii.

Mwanamke aliyenipokea nikiwa na wewe tumboni alikuwa msusi wa Mkuza, tukimwita Mama Jeni. Baba na mama walikuwa wamenifungia mlango, yeye akanifungulia, hilo nitamshukuru mpaka kaburini. Lakini kazi alinifundisha kwa kunitoa utu. Tulisuka wawili kichwa kimoja, yeye kulia, mimi kushoto, ili mteja asichelewe. Ananiacha nisuke upande wangu mpaka karibu namaliza, halafu anasimama, anauangalia, anawaambia wateja, "Jamani, njooni muone kazi ya kidato cha pili." Anaufumua wote. Mteja analalamika kichwa kinamuuma, Mama Jeni anamwambia, "Usiniambie mimi, mwambie huyo mwenye mimba, mkono wake umelala." Akikasirika zaidi ananigonga vidole kwa mkia wa kichana, hapa kwenye mifupa.

Na nilijifunza, Siku. Hilo ndilo lililoniharibu. Kwa kuwa nilijifunza, niliamini kwamba ni fedheha zilizonifundisha. Miaka yote nimewaambia wasichana wanaokuja hapa saluni, "Mimi nilifumuliwa mbele za watu, ndiyo maana najua." Nilikuwa najivunia.

Kumbe si kweli. Juzi juzi tu, nikikuona unazungusha kijiko kwenye sahani, ndipo nilipoanza kukumbuka vizuri. Zile siku za kufumuliwa sikujifunza kitu. Nilijifunza kuogopa, na mkono unaoogopa unavuta sana, mteja anatokwa na vipele pembeni mwa uso. Nilijifunza siku zile alizokuwa na haraka. Siku za harusi, bibi harusi anasubiriwa, Mama Jeni hana nafasi ya kunitukana. Tunaanza kwa kugawa kichwa pamoja, anaonyesha kwa mkia wa kichana, mstari upite hapa, huu uje ukutane na ule utosini. Tukishakubaliana, tunainama wote. Vidole vyake viko karibu na vyangu mpaka vinagusana. Naviona vinavyoshika, vinavyolegeza. Nikikaza mno, ananiambia chinichini bila kuinua uso, "Legeza, wewe," na mteja hata hasikii. Siku hizo mbili tatu ndizo zilizonifanya msusi. Zile nyingine zote zilinifanya mama aliyekuambia ushike ufagio.

Na zilinifanya nikufanyie lile la ukiwa na miaka kumi na minne. Ulikuwa unanisaidia kichwa cha mke wa mwenye nyumba. Ulisuka upande wako vizuri, Siku. Leo naliandika: ulisuka vizuri. Mistari ilikuwa minene kidogo kuliko yangu, ndiyo hiyo tu. Nikaufumua wote mbele ya yule mama, nikasema, "Huyu mtoto mikono ya baba yake, ya kupiga soga." Ukaweka kichana juu ya meza, taratibu kabisa, ukatoka. Tangu siku ile hujasuka mtu, wala hujasukwa na mimi. Ukasema utakuwa mwalimu. Nikafurahi, nikajidanganya ni wito. Mwanangu ulikuwa unatafuta mahali ambapo mtu hafumui kazi yako watu wakiangalia, na ukaenda ukamkuta Mwalimu Tunu na dasta.

Nisamehe. Siliombi jibu hapa, unaweza kukaa nalo.

Uliponieleza habari za utaratibu mpya wa chuo, ulikuwa unacheka kile kicheko chako cha kuumia. Ulisema safari hii hawataki mwanachuo aachiwe darasa. Anasimama na mwenye darasa, wawili, kila kipindi. Wanaandika andalio pamoja kabla. Mmoja akiongoza, mwingine anazunguka kwa watoto, wanapokezana, na kadiri siku zinavyokwenda mwanachuo anaongoza zaidi lakini mwenye darasa haondoki. Nikasema, "Si vizuri hivyo?" Ukanijibu, "Vizuri kwa nani? Mwaka jana alikuwa anakaa ofisini. Mwaka huu atanifuta akiwa karibu zaidi."

Neno hilo lilininyima raha. Ndipo nikafanya jambo ambalo leo nakwambia, ukitaka kukasirika kasirika. Ile siku nilipokuaga naenda Kariakoo kununua rasta, sikwenda Kariakoo. Nilikwenda Kisarawe.

Nilivaa gauni langu la Idi, lakini kiatu kilikatika kamba njiani, nikafika na kandambili za kununua stendi. Nikamkuta ofisini na mwalimu mwenzake mmoja aliyekuwa anasahihisha madaftari.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe ni dada yake nani?"

"Mimi ni mama yake Sikudhani. Yule mwanachuo wa mwaka jana."

Akaniangalia kuanzia kilemba mpaka kwenye kandambili. "Mama yake? Mbona mko kama mapacha? Ulimzaa huku unacheza rede?"

Yule mwenzake akacheka bila kuinua kichwa. Nimeshasemwa makubwa kuliko hayo.

"Nimekuja kuomba, mwalimu. Mwanangu anarudi. Akikosea, naomba umwambie pembeni. Usimfute mbele ya watoto."

"Nani aliniambia mimi pembeni?" Hakupandisha sauti, Siku, na hilo lilinitisha zaidi. "Nilipofika hapa nilikuwa msichana kama yeye. Mwenye darasa akanipa funguo za kabati, akapanda gari akaenda kwao. Kila mapumziko nilikuwa nalia chooni, nanawa, narudi. Hakuja mama yeyote na kandambili zake kuniombea. Na watoto wangu wanafaulu. Muulize huyu."

"Wanafaulu," akasema yule wa madaftari.

"Lakini mwaka huu chuo kimesema mtasimama wawili," nikasema.

"Watu wa semina wakishashiba wanasema mengi. Unajua wanachotaka? Nikae na mtoto wako tuandike andalio pamoja, kama tunapanga kupika pilau. Yeye aongee, mimi nizunguke kwenye madawati yangu mwenyewe. Nimesimama kwenye ubao ule peke yangu tangu huyo mwanao hajazaliwa. Mimi sijui hata mtu wa pili anasimama wapi."

Hilo la mwisho alilisema kwa hasira kama mengine, lakini sauti ilimshuka, akaanza kutafuta kalamu iliyokuwa mbele yake. Nami kwa ujinga wangu nikaona ndiyo nafasi.

"Hata sisi wasusi tunasuka wawili, mwalimu. Inawezekana."

Wakacheka wote wawili, wakacheka kweli. "Haya, msusi," akasema, "nikitaka rasta nitakuita." Halafu akaacha kucheka. "Sikia. Nitampokea kwa sababu nimeamriwa. Lakini wewe usikanyage hapa tena. Usinipigie simu, usitume mtu. Mtoto anayefuatwa na mama hawezi kufundisha watoto wa wenzake. Siku nikikuona hapa, siku hiyohiyo naandika hakufaa, na wewe ndiye utakayekuwa umemwandikia."

Nikasema, "Asante, mwalimu." Ndivyo nilivyosema, asante. Nikatoka.

Nilitakiwa kwenda moja kwa moja stendi, lakini kengele iligongwa, akanipita na fimbo yake akaingia darasani, na njia inapita nyuma ya darasa lile. Madirisha yana wavu tu. Nikasimama kidogo. Anajua kazi, Siku, nisikudanganye. Alipoingia pakawa kimya, watoto wa mbele wanamwitikia kwa pamoja, macho yote kwake, anawauliza na wanajua. Lakini wale wa nyuma, waliokaa sakafuni chini ya dirisha nililosimama mimi, hakuwa anawaona hata kidogo. Mvulana mmoja alikuwa anachora gari kwenye vumbi. Mabinti wawili walikuwa wanasukana. Mmoja amemlalia mwenzake magotini, anasukwa mtindo wa twende kilioni, madaftari yamefungwa. Yule msusi akaniona dirishani. Akaweka kidole mdomoni, nisimsemee.

Sikumsemea. Nakwambia wewe tu.

Mimi si mwalimu na vitabu vyenu sivijui, huenda nimekosea. Lakini niliona mahali pasipo na mwalimu darasani mle, nikafikiri, kama kweli mnasimama wawili, basi mmoja pa kusimama amepata. Usiingie siku ya kwanza ukitaka chaki. Mwache aongoze. Wewe nenda nyuma kule, chuchumaa, waulize wale mabinti kinachosemwa mbele. Watakuita Madamu Majaribio. Waitikie. Watoto huchoka kutania mtu anayeitika.

Na andalio mkaliandike kweli. Atakwambia, "Andika wewe, mimi nitasaini." Kataa kwa heshima. Mwambie, "Mwalimu, hapa pa vipande vya chungwa huwa unawaambiaje?" Anajua. Mtu aliyefundisha umri wote huo anajua wapi watoto wanajikwaa, na nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Mkosoane hukohuko ofisini, kabla hamjaingia. Mkishaingia darasani mmeshakubaliana mstari upite wapi, hatakuwa na sababu kubwa ya kukufumua.

Nimesema sababu kubwa. Ndogo atazipata. Sitakudanganya kwamba atakuwa amebadilika, nimemwona kwa macho yangu. Huenda wiki ya kwanza tu akakutoa chaki tena mkononi, na watoto wakapiga makofi tena. Ikitokea, usitoke nje. Hamia upande ambao yeye hayupo na uendelee na mtoto aliye karibu. Huo ndio utaratibu wenyewe mliopewa, sivyo? Mmoja anaongoza, mwingine anazunguka. Amekupokonya zamu kabla ya wakati, basi zunguka. Msimamizi akiwepo ataona walimu wawili wanafanya kazi.

Mwaka jana alikufuta na wewe ukamwachia ubao na darasa lote. Sikulaumu kwa hilo. Wewe mwenyewe ulijifunza kwangu kwamba mtu akifumuliwa anaweka kichana chini na kuondoka, maana mimi sikukufuata. Ningekufuata siku ile hadi nje, nikakurudisha, tukasuka upya wote wawili, huenda leo ungekuwa mtu mwingine na mimi mama mwingine. Sikukufuata kwa sababu ya kiburi. Safari hii pia sitakufuata, na kiburi sinacho tena.

Hapo ndipo pananiumiza. Utakapopiga simu ukiwa umejifungia chooni, nitapokea, nitasikiliza mpaka salio liishe, lakini sitakuja. Ukiugua moyo sitakuja. Hata ukiniambia, "Mama, njoo unichukue," sitakuja, Siku, na utanichukia, na nitakuwa nimekaa hapa Visiga nimeshika mikono yangu mwenyewe. Nikikanyaga pale nitakuwa nimekuandikia hukufaa kwa mkono wangu. Yule mwanamke ametupata. Ameniweka mbali nawe na amekuweka karibu naye, na kwa sasa aliye karibu ndiye wa kwako.

Kwa hiyo mshike huyo. Hana mwingine wa kusimama naye, na hajui kusimama na mtu, wala wewe hujui, mtajifunza mkikanyagana miguu. Mimi naamini utamaliza. Naamini kwa ukaidi tu, sina ushahidi wowote, kama nilivyoamini nikiwa nimekubeba na kila mtu ananiambia sitafika nawe popote.

Atakusukuma. Simama karibu naye tena. Atakusukuma tena. Simama karibu naye mpaka mkono wake uchoke, maana wewe ni mdogo na yeye anazeeka, na watoto wale wa nyuma hawana mwalimu.

Ni mimi mama yako,
ninayekupenda na nisiyekuja.